Damu Iliyorudi

Mama yangu alipokoma hedhi alichinja kuku. Nasema kweli, sitanii. Wanawake wengine wakifika hapo hununa, wanajiona wamekwisha. Wengine hufanya siri, wanaendelea kuanika vitambaa uani ili majirani wasijue. Mama alichinja kuku, akapika wali wa sikukuu siku ya kazi, na baba alipouliza kuna nini akaambiwa ale anyamaze. Mimi alininong'oneza jikoni huku jasho likimtiririka, maana joto la umri ule lilikuwa limemshika hasa, kila mara analowesha kilemba kwenye ndoo na kukifunga upya. "Nimemaliza, mwanangu," akasema. "Mwaka mzima sijaona kitu. Sasa na mimi nitapanda."

Kupanda maana yake kupanda mtumbwi. Asiye mtu wa ziwani hataelewa, kwa hiyo ngoja nieleze. Asili yetu ni Majita, upande wa Mara, ingawa mimi nimekulia Ilemela, Mwanza, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe, ziwa unaliona chini kupitia mlango wa jikoni. Kwetu mwanamke anayeona siku zake hapandi mtumbwi wa kuvulia. Hagusi nyavu. Hata zikiwa zimeanikwa mchangani hapiti juu yake, atazunguka. Na usidhani ni zile siku chache za mwezi tu. Ni umri wake wote wa kuzaa, kwa sababu, walisema wazee, nani atamkagua? Samaki wananusa. Akipanda, nyavu zitarudi na matope. Ndivyo tulivyokuta, na kanisa letu lililopiga vita pombe, ngoma na hirizi halikuwahi kuligusa hilo, kwa kuwa wazee wa kanisa nao walikuwa na mitumbwi.

Ila mwanamke akishakoma anahesabiwa mzee kama wazee wengine. Anaruhusiwa. Wachache sana waliitumia ruhusa hiyo. Kufikia umri ule wengi wamechoka, migongo inauma, wanataka kukaa na wajukuu. Mama yangu alikuwa ameingoja tangu alipovunja ungo. Kabla ya hapo babu alikuwa akienda naye ziwani kama mtoto wa kiume, akimfundisha kupiga kasia na kuutambua upepo. Damu ilipotoka, babu alimshusha, na hakumpandisha tena mpaka anakufa. Mama alikuwa akilisimulia jambo hilo bila machozi, kwa hasira tu, na hasira hiyo nimeirithi mimi.

Mtumbwi wenyewe ulikuja kwa njia ya baba. Baba alikuwa mtu wa kiwandani, kiwanda cha nguo, Nyakato. Miaka ya tisini ilipoingia na mashirika ya umma yakaanza kukatwakatwa na kuuzwa, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, akapewa kiinua mgongo na kushikwa mkono. Wenzake walinunua vyerehani, wengine wakafungua vioski, wengine wakaongeza wake. Baba akanunua mtumbwi na nyavu, maana wakati huo kila mtu alikuwa anaimba sangara. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa, magari ya barafu yanapanga foleni asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ndege za mizigo zinapita juu ya bati letu zimebeba samaki kwenda Ulaya, na sisi tunakaanga mapanki, yale mafupa yanayobaki mnofu ukishaondolewa. Wazo la baba halikuwa baya. Ubaya ni kwamba alikuwa akitapika. Mtumbwi ukiacha mchanga tu, anatapika mpaka nyongo. Mtu mpole, mwenye huruma, ila ziwa lilimkataa.

Na mwenye chombo, ambaye kule tunamwita tajiri hata kama hana suruali ya pili, akikaa nchi kavu anaibiwa. Vijana wanauza samaki huko huko majini kwa mitumbwi mingine, halafu wanakuja na vitu vya kulisha paka na kukwambia ziwa limebadilika. Tulikuwa tunalala njaa na chombo tunacho. Hapo ndipo mama alipochinja kuku.

Wavuvi wetu walikuwa vijana, na juu yao mtu mzima mmoja aliyekaa nyuma ya mtumbwi na kuuongoza. Huyo nitamwita mkubwa wa wavuvi. Mama alipomwendea, yule mzee alivua kofia, akatazama chini, akauliza kwa adabu, "Mama, umemaliza kweli?" Mama akamjibu, "Kamuulize mume wangu." Baba, masikini, aliyekuwa amesimama pale pale, akaitikia kwa kichwa huku masikio yanamuwaka. Basi wakampandisha.

Sijawahi kumwona mama yangu mzuri kama miaka ile. Nyavu zilikuwa zikitegwa jioni na kuvutwa alfajiri, na kila alfajiri alikuwemo, sketi ameikunja kiunoni, anavuta kama wanaume. Alikuwa mweusi kwa jua, sauti imekuwa kubwa, anaimba nyimbo za kanisa mpaka tunamsikia kabla hatujamwona. Samaki waliacha kupotea. Vijana walimwogopa na kumpenda, wakamwita tajiri, na baba akabaki mwaloni anapima samaki na kusalimiana na watu wa magari ya barafu, kazi iliyomfaa. Tukaezeka upya jikoni. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nauza mitumba Buzuruga karibu na stendi, na nakumbuka nilikuwa namwonea wivu. Mimi kijana nimenuna, yeye mzee anachanua.

Halafu akaanza kuvaa vitenge vyeusi tu.

Mwanzoni sikujali. Baadaye nikaona hataki tena gauni jeupe la umoja wa kina mama kanisani. Akasema limembana, wakati gauni lilikuwa linamning'inia. Baba akahamia chumba cha mbele, ati kikohozi chake kinamsumbua mama. Baba hakuwa na kikohozi. Kisha siku moja niliwahi kurudi kutoka Buzuruga kwa sababu ya mvua, nikaenda bafuni nyuma ya nyumba, nikakuta karai limefunikwa. Nikafunua. Maji mekundu, vitambaa vimejaa, na harufu ambayo sikuwa naijua. Mimi nimezaa, damu ya mwanamke naijua. Ile ilikuwa na harufu ya kitu kilichooza.

Nikamfuata jikoni na karai langu mkononi. Akalitazama, akaendelea kukoroga uji.

"Ya nani hii, mama?"

"Yangu. Rudisha ulikoitoa."

"Tangu lini?"

"Imerudi tu. Siku mojamoja. Shangazi yako anasema ni baraka, mwili umepata nguvu kwa sababu ya kazi. Anasema kuna wanawake ujana huwarudia."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mtu wa kuona baraka hata kwenye msiba. Nilimwambia mama kwamba shangazi hajui hata tarehe ya leo. Mama akaniambia nimheshimu. Nikamwambia twende hospitali. Akaweka mwiko chini, akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Ukisema neno," akasema, "watanishusha. Unajua hilo. Watanishusha, na kila wavu utakaochanika tangu siku hiyo utakuwa ni mimi niliyeuchana. Baba yako wataanza kumwibia tena. Na mimi nitakufa, mwanangu. Mimi nikirudi nchi kavu nitakufa."

Sasa hebu niambieni. Mtu anatokwa na damu iliyooza, na anachoogopa ni kushushwa kwenye mtumbwi. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu niache kumtolea methali za darasani.

Hata hivyo nilimsumbua mpaka akakubali kwenda kliniki, kwa sharti kwamba twende ya mbali, asionekane. Tukaenda. Tukapanga foleni na wajawazito na watoto wanaolia, mama yangu na mvi zake katikati yao, na tulipofika mbele muuguzi akamwamkia vizuri tu, "Shikamoo bibi, umemleta mjukuu?" Mama akageuka akatoka. Muuguzi hakumtukana. Ni kwamba pale palikuwa mahali pa wenye mimba na wenye kunyonyesha, ukutani picha za uzazi wa mpango na chanjo, na mwanamke aliyemaliza kuzaa hakuwa na benchi. Nimefikiri sana juu ya hilo. Tumbo la mwanamke linatazamwa na serikali, na kanisa, na mume, na wakwe, kwa muda wote linapozaa. Likishamaliza hakuna anayeuliza habari zake.

Baada ya pale akawa anakwenda duka la dawa. Siku hizo yalikuwa yamechipuka kila kona, ruksa ya biashara huria ilikuwa imefika na huko, mtu yeyote mwenye rafu na feni anauza vidonge. Akauziwa vidonge vya kuongeza damu. Vikaongeza kweli, akapata nguvu ya kuvuta nyavu, na ile nyingine ikaendelea kutoka. Sasa haikuwa siku mojamoja. Akiinua kitu kizito, inatoka. Akikohoa, inatoka. Alikuwa anavaa vitambaa juu ya vitambaa na kitenge cheusi juu, na anakwenda ziwani. Mgongo ukaanza kumuuma chini kabisa, akasema ni kasia.

Nikasubiri aone mwenyewe. Nikasali. Nikagombana naye kila Jumapili tukitoka kanisani, kwa kunong'ona, tunatabasamu kwa watu huku tunachinjana. Nikaenda kwa baba, nikamwambia mkeo anaumwa; baba akalia, akasema, "Najua, lakini unamjua mama yako." Hilo ndilo lililokuwa jibu la baba kwa kila kitu. Hapo nikaona kwamba katika nyumba ile hakuna wa kumtoa mama ndani ya mtumbwi. Nje ya nyumba ile walikuwepo.

Nilikwenda mwaloni mchana, wakati mama amelala. Magugu maji yalikuwa yameziba ufuko mwaka huo, wavuvi wamefungua njia nyembamba ya kupitishia mitumbwi, na mkubwa wa wavuvi alikuwa ameketi kivulini mwa chombo anashona wavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza biashara. Nikamwambia, "Baba, mama yangu anaona damu."

Hakuelewa. Au alielewa akataka nirudie. Nikarudia.

"Mama yako ni mtu mzima," akasema.

"Anaona damu kila siku. Miezi sasa. Amepanda na nyinyi akiwa nayo. Mtazameni vizuri kesho."

Aliuweka ule wavu chini polepole, mbali na miguu yangu. Hakuniambia asante wala hakunilaumu. Nikapanda mlima kurudi nyumbani, na nataka ieleweke: sijutii. Watu wa kwetu wameniuliza mpaka leo, binti gani anamwanika mama yake mbele ya wanaume. Binti mwenye akili, nawajibu. Ile mila ilikuwa imemnyima mama yangu ziwa kwa ujana wake wote. Nikaona angalau safari hii ifanye kazi ya maana, imtoe majini nipate kumpeleka hospitali.

Alfajiri alishuka kama kawaida. Jua lilikuwa bado halijachomoza aliporudi. Baba alinisimulia baadaye kwamba hakuna aliyepaza sauti. Vijana walikaa mchangani, hawakuusukuma mtumbwi. Mkubwa wa wavuvi alivua kofia akasema, "Tajiri, tumeombwa tukutazame." Mama akawatazama mmoja mmoja. Halafu mmoja wa vijana, aliyekuwa anampenda kuliko wote, akaanza kulia, na mama akajua wanajua. Siku hiyo hiyo wakauvuta mtumbwi juu, wakaupindua, wakausugua kwa maji ya majani ya kuondoa nuksi, ndani na nje, ubao kwa ubao, na wakauacha ukae juani kabla ya kuurudisha ziwani. Mama aliyaona yote hayo kupitia mlango wa jikoni.

Aliponijia nilikuwa nafunga marobota ya mitumba. Nilijua zamu yangu imefika.

"Umenivua nguo mbele ya wanaume," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana."

Hakunisemesha tena kwa majuma mengi. Chakula ananiwekea, salamu haitikii. Lakini hakuwa tena na kitu cha kuficha, na yule asiye na cha kuficha hachukui muda kuchoka. Akalala. Akaacha kufua vitambaa kisirisiri. Baba, ambaye kwa maisha yangu yote sikuwahi kumwona akiamua jambo, aliingia chumbani akamvika viatu, akamwambia, "Mama watoto, twende." Wakaenda hospitali kubwa, ile ya juu mlimani, nami nikawafuata nyuma kwa sababu hakuwa ananitaka kando yake.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mchovu, ila alisikiliza. Aliuliza ulikoma lini, ikarudi lini. Mama akajibu kwa mara ya kwanza bila kuzungusha. Alipomaliza kumpima alinawa mikono kwa muda mrefu, akaja akakaa. Akasema kansa, kwenye mlango wa kizazi, na imeshatoka nje ya kizazi. Akasema neno ambalo nimelirudia kwa kila mwanamke niliyekutana naye tangu hapo, mpaka wananikimbia sokoni: mwanamke akishakoma, hata tone moja si la kawaida. Tone moja. Siyo karai. Kama angekuja siku ya tone la kwanza, akasema, wangekuwa wanazungumza kuhusu kutoa kizazi na kurudi nyumbani. Sasa kilichobaki ni mionzi, na mashine iko Dar peke yake.

Mama akauliza swali moja tu. "Mionzi itaikausha damu?"

"Inaweza," daktari akasema. "Lakini mama, damu ni dalili. Ugonjwa ni mwingine."

"Nimesikia," mama akasema. Hakuwa amesikia.

Kanisa likachanga, na wavuvi nao wakachanga, hilo niliseme kwa haki. Tukapanda treni mimi na mama, tukiwa hatusemezani kutoka Mwanza mpaka Tabora. Baada ya Tabora aliniomba maji, na tangu hapo tukaanza kuzungumza kidogokidogo, habari za watu waliokuwa wanapanda na kushuka.

Wodi ya Dar sitaisahau. Nilidhani nitakuta watu wa kila aina. Nikakuta mama zetu. Kitanda kwa kitanda, wanawake wa umri wa mama yangu kutoka Kigoma, Mbeya, Lindi, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuchelewa. Mmoja damu iliporudi alifurahi, akamwambia mumewe bado mimi kijana. Mmoja alikuwa mjane, akaogopa watasema ana mwanamume. Mmoja alikuwa anasubiri avune kwanza. Jioni walikuwa wanasimuliana na kucheka, wanacheka kweli, wameshikilia matumbo yao. Mama aliposimulia ya mtumbwi walicheka mpaka muuguzi akaja. Mimi nilitoka nje nikalia kwenye korido kwa hasira, kwa sababu wote walikuwa na akili zao timamu, wote walikuwa wamelea watoto na kuendesha nyumba, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia sentensi moja.

Mionzi ilimuunguza, ikamwondolea hamu ya chakula, ikamkausha. Damu ikakoma. Tulipoagana walimpa tarehe ya kurudi kuangaliwa, na wakasema katikati ya hapo aende hospitali ya mlimani mara kwa mara, na akiona chochote, hata kidogo, asingoje. Alisema ndiyo kwa adabu zote.

Mnadhani tulipofika Mwanza alikwenda wapi kwanza? Hakwenda kanisani kushukuru. Aliteremka mwaloni, mwembamba, kitenge kimemzunguka mara mbili, akasimama mbele ya mkubwa wa wavuvi. "Imekoma," akasema. Nilikuwa nyuma yake. Yule mzee alinitazama mimi, siyo yeye. Nami ningefanya nini? Ilikuwa kweli. Nikaitikia kwa kichwa kama baba alivyoitikia zamani, na vijana wakamnyanyua wakamweka ndani ya chombo.

Hakuweza tena kuvuta. Alikaa mbele, akaamuru. Lakini alikwenda, na rangi ikamrudia kidogo, na kwa kipindi fulani hata mimi niliamini. Tarehe ya kurudi Dar ilipofika akaniuliza nani anaumwa hapa. Nikapiga kelele, akaimba wimbo wa kanisa juu ya kelele zangu. Nikamwambia basi walau mlimani. Akaenda mara moja, akakuta foleni, akarudi. Kwa hiyo nikawa namuuliza. Kila juma, mimi na yeye jikoni, "Umeona kitu?" "Sijaona." Nilikuwa nakagua vitambaa, nakagua karai, nanusa kama mbwa, mtanisamehe. Karai lilikuwa kavu. Vitenge vyake vilikuwa safi, vimenyooshwa. Nikajipa moyo.

Alipoanza kuvimba miguu nilidhani ni kukaa sana. Kisha mkojo ukakataa kutoka, akaanza kuchanganyikiwa, anamwita babu, anamwambia asimshushe. Tulimpandisha mlimani kwa teksi, na daktari yule yule alipomfunua akanitazama kwa namna ambayo niliielewa kabla hajasema. Ilikuwa imerudi zamani, akasema. Huyu amekuwa akitokwa na damu kwa miezi. Nikamwambia haiwezekani, nimekuwa nakagua. Hakubishana nami. Mama alifariki siku chache baadaye, mchana, baba ameshika miguu yake, mimi nimeshika kichwa.

Tulimzika Ilemela. Watu walikuwa wengi, mwalo mzima ulifungwa kwa heshima yake, jambo ambalo kwa mwanamke halikuwahi kufanyika. Baada ya mazishi wakabaki wale wa kulala matanga, na asubuhi yake mkubwa wa wavuvi akaja kunitafuta nilipokuwa naosha masufuria. Akachuchumaa upande wa pili wa moto. Nikamwamkia. Akaitikia, kofia yake anaizungusha mikononi.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulijua."

Nikaacha sufuria.

"Ilirudi kabla ya mvua za kwanza. Alikuwa anafika mwaloni anabadilisha nguo ndani ya mtumbwi, sisi tunageuka. Vijana walikuwa wanamfulia huko majini, katikati ya ziwa, na kusugua mbao kabla hatujarudi. Alitusihi tusikwambie. Alisema utampeleka Dar na atafia kitandani mwa watu."

Hasira niliyonayo ni ya kurithi, nimeshasema, na hapo ilipanda yote. Nilimwambia yeye ni muuaji. Nilimwambia siku ile nilipotaka wamshushe walimshusha kwa dakika moja, bila huruma, wakauosha mtumbwi kama mama yangu ni kinyesi. Na siku aliyohitaji kushushwa ili apone, wakaamua kuwa watu wema. Nilimuuliza wema huo waliupata wapi, na kwa nini haukuja siku ile ya kwanza. Wanawake wa matanga walitoka ndani kutazama. Aliniacha nimalize.

"Mara ile ya kwanza tulimwona akipanda mlima kurudi kwenu," akasema. "Hakuna kati yetu aliyetaka kumwona hivyo tena."

Nilichukua sufuria, nikaliweka chini tena. Kisha nikamuuliza kitu ambacho hata mimi sikujua nakwenda kukiuliza. Nilimuuliza, miezi yote hiyo, damu ikiwa humo ndani ya chombo, samaki walikuwaje.

Alivaa kofia yake, akainuka kwa kujishika magoti.

"Tulipata kama kawaida," akasema.